Sita wa Kushambulia: Historia Fupi ya Timu za Pokémon

Nikitaja Pokémon mbele ya wazazi, swali huwa lile lile: hawa watoto wamekimbia vita, kwa nini tena mnawaacha wacheze mchezo wa kupigana? Swali hili ni la haki. Hapa Dadamu, iwe ni mtu aliyepanga chumba karibu na mji wa Arua, au ni ndugu anayetutembelea kutoka Rhino Camp, Imvepi au Lobule kule Koboko, ni wachache ambao kwao neno "kushambulia" ni neno tu. Wafanyakazi wa mashirika nao wana swali lao: kijana anapata nini hapo, zaidi ya kumaliza bando?

Sitaki kujibu kwa kusema "ni mchezo tu, waacheni." Nataka kujibu kwa historia. Mchezo huu umetimiza zaidi ya miaka 25, na katika miaka hiyo watu wamebadilisha mara nyingi mawazo yao kuhusu maana ya timu ya kushambulia. Ukifuata mabadiliko hayo utaona kitu ambacho mzazi anayechungulia kioo cha simu kwa dakika mbili hawezi kukiona.

Kwanza kwa wasioujua. Kila mchezaji ana Pokémon 6, na kila mmoja wao anajua mbinu 4. Katika kila zamu, wachezaji wote wawili wanachagua kwa siri: ama kutumia mbinu, ama kumtoa aliye uwanjani na kuingiza mwingine. Halafu machaguo yanafunuliwa pamoja, na mwenye kasi zaidi kwa kawaida hutangulia. Kuna aina: maji hushinda moto, moto hushinda majani, majani hushinda maji, na kadhalika, mpaka aina 18. Anayewazimisha wote 6 wa mwenzake ameshinda. Nimesema kuwazimisha kwa makusudi. Hakuna anayekufa, wanazimia, wanatibiwa, wanarudi. Kwenye bao au mweso unaona mwenzako amecheza nini ndipo unacheza wewe. Hapa mnacheza kwa pamoja, kwa hiyo lazima umsome mtu, siyo kete zake tu.

Mwanzo: wadudu na waya

Aliyeanzisha mchezo huu ni Mjapani Satoshi Tajiri, aliyezaliwa 1965 na kukulia Machida, pembezoni mwa Tokyo. Utotoni alikuwa anakusanya wadudu. Mji ulipopanuka, mashamba na mabwawa yakageuzwa kuwa majengo, na wadudu wakapotea. Baadaye alipoona mashine ya Game Boy, ambayo ungeweza kuiunganisha na nyingine kwa waya, alifikiria wadudu wakitambaa ndani ya waya ule kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Yeye na kampuni yake, Game Freak, walihangaika na kazi hiyo kwa karibu miaka 6, na michezo miwili ya kwanza, Nyekundu na Kijani, ikatoka Japani tarehe 27 Februari 1996.

Kwa nini miwili? Kwa sababu kila mmoja ulikosa baadhi ya viumbe vilivyokuwa kwenye mwingine. Peke yako usingeweza kuwapata wote 151. Ilibidi umtafute mtu mwenye mchezo ule mwingine, muunganishe waya, mbadilishane. Yaani msingi ulikuwa kubadilishana, na mapambano yalipita kwenye waya ule ule. Mzazi anayeuliza swali lake ajue hilo kwanza.

Enzi ya kasi

Timu za kushambulia za 1996 zilikuwa rahisi. Katika toleo lile, nafasi ya kupiga pigo kubwa, lile linaloumiza karibu mara mbili, ilitegemea kasi ya Pokémon. Kwa hiyo mwenye kasi alifaidi mara mbili: anatangulia kupiga, na anapiga pigo kubwa mara nyingi zaidi. Ndiyo maana fahali anayeitwa Tauros alikuwa mfalme. Alikuwa na mbio, ana nguvu, na pigo lake la Hyper Beam, ambalo kwa kawaida humlazimisha mpigaji apumzike zamu moja, halikumlazimisha kupumzika likimzimisha mpinzani. Aina ya akili, yaani Psychic, nayo ilitamba, kwa sababu mbinu za mizimu, ambazo zilipaswa kuitisha, hazikufanya kazi juu yake kwa kosa la programu.

Somo la enzi ile: mwenye mbio na nguvu anatawala, na sheria zenyewe zinamsaidia. Wako vijana ambao mpaka leo wanajenga timu hivyo. Wanachukua sita wenye nguvu kuliko wote, wanasema imeisha. Ukiona timu kama hiyo, jua bado iko 1996.

Enzi ya ukuta

Toleo la pili lilitoka Japani Novemba 1999, na waliolitengeneza walikuwa wameona tatizo. Waliongeza aina mbili mpya, giza na chuma, na zote mbili ziliipunguza nguvu aina ya akili. Waliongeza vitu vya kubeba. Kimojawapo ni Leftovers, masalio ya chakula, yanayomrudishia anayeyabeba sehemu moja ya 16 ya uhai wake kila mwisho wa zamu. Kidogo sana, si ndiyo? Lakini haba na haba hujaza kibaba. Snorlax, yule mnene anayependa kulala, alikula masalio yake, akalala, akaamka mzima, na washambuliaji wakachoka. Pambano moja lingeweza kuchukua zamu nyingi mno.

Hapo ndipo washambuliaji walipoanza kufikiri. Nguvu peke yake haikutosha tena. Ilibidi kuwe na wa kumvunja yule anayezuia, halafu mwingine wa kupita kwenye ufa. Kwa mara ya kwanza ushambuliaji ukawa kazi ya kugawana.

Pointi 510

Kwangu mimi mwaka mkubwa kuliko yote ni 2002, lilipotoka toleo la tatu. Kabla ya hapo Pokémon aliyefundishwa vizuri aliweza kufikia kilele katika kila sifa: nguvu, kasi, ulinzi, uhai, vyote. Kuanzia 2002 kila Pokémon alipewa pointi 510 tu za mafunzo, na sifa moja haikuweza kuchukua zaidi ya 255. Kwa kuwa kila pointi 4 huongeza 1 kwenye sifa akifika kiwango cha 100, wachezaji walihesabu wakaona 252 zinatosha kwa sifa moja. Piga hesabu: 252 kwa nguvu, 252 kwa kasi, zinabaki 6. Umemaliza. Mshambuliaji wako sasa ana mbio na ana ngumi, lakini hana ngao.

Hapa vijana wetu huelewa haraka kuliko wageni wanaotutembelea. Mtu aliyeona nyumbani mgao wa chakula ukikatwa, hasa tangu 2023 ambapo WFP ilianza kugawa kwa makundi ya uhitaji na wengine wakaondolewa kabisa, hahitaji kufundishwa kwamba ukiweka huku umetoa kule. Anajua pia kwamba kugawa sawasawa kwa kila kitu siyo lazima iwe busara. Pokémon aliyepewa kidogo kila mahali hatangulii, havunji, hazuii. Ni afadhali ajulikane anafanya nini, na wenzake wafunike anachokosa.

Toleo hilo hilo lilileta Choice Band, kitambaa kinachoongeza nguvu za mwili kwa nusu nzima, lakini ukishachagua mbinu moja umefungwa nayo mpaka utolewe uwanjani. Nguvu kwa bei ya uhuru. Tangu hapo kila chombo kizuri cha kushambulia kimekuwa na bei yake.

2006: mawe mlangoni

Septemba 2006 likatoka toleo la nne, na timu ya kushambulia tunayoijua leo ikazaliwa. Mambo matatu yalikutana.

La kwanza, zamani aina ndiyo iliyoamua kama pigo ni la mwili au la kimaalumu. Maji yote yalikuwa ya kimaalumu. Gyarados, samaki-joka mwenye nguvu kubwa za mwili, alikuwa hawezi kutumia maji yake mwenyewe vizuri. Kuanzia 2006 kila mbinu ilijitegemea, na wengi kama yeye wakapata kazi waliyostahili tangu mwanzo.

La pili ni Life Orb, mpira unaoongeza uzito wa mapigo kwa asilimia 30 na kumla anayeubeba asilimia 10 ya uhai kila anapopiga.

La tatu ni Stealth Rock, mawe yanayotegwa upande wa mpinzani. Kila anayeingia uwanjani anachubuka kulingana na aina yake. Wa kawaida anapoteza moja ya nane, yaani asilimia 12.5. Charizard, joka la moto ambalo kila mtoto hulipenda, anapoteza asilimia 50 kwa kuingia mlangoni tu.

Fanya hesabu kwenye daftari. Una pigo linaloondoa asilimia 70 ya uhai wa mlinzi. Haizimi. Mpe mpigaji Life Orb: 70 mara 1.3 ni 91. Bado hazimi, amebaki na 9, atalala, atapona. Sasa tega mawe kabla hajaingia: 91 na 12.5 ni 103.5. Amezima. Hakuna kitu kikubwa kilichofanyika pale, ni vitu vitatu vidogo vimepangwa kwa mfuatano. Na kumbe mlinzi anaishi kwa kuingia na kutoka. Ukifanya kila kuingia kuwe na gharama, umemnyang'anya pumzi.

Kutokana na hesabu hiyo ikaja timu ya mashambulizi mfululizo. Wa kwanza anaingia, anatega mawe, anamzuia mpinzani asitege ya kwake, halafu anazimia. Wanaofuata ni watano wa kupiga, mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayetegemewa kudumu uwanjani.

Yule wa kwanza, wachezaji wa dunia wanamwita kwa jina linalomaanisha "wa kujiua." Kwenye kundi letu jina hilo lilijadiliwa, na vijana wakalikataa. Kati yetu wako waliopitia mambo ambayo neno hilo linayagusa moja kwa moja, na si vizuri kulitupa hewani kila Jumamosi. Tunamwita mfungua njia. Msichana mmoja aliongeza kwamba hata maana ni sahihi zaidi, kwa sababu huyu haingii ili azimie, anaingia ili afungue. Ukimzimisha kabla hajatega, umempoteza bure. Nadhani wazazi wanaouliza kuhusu vita wanapaswa kusikia mjadala wa namna hiyo. Mchezo ndio ulioleta neno mezani, vijana wakaamua wenyewe wafanye nini nalo.

Kuonana kabla, na mvua ya zamu 5

Mwaka 2010 toleo la tano lilileta kuonyeshana timu kabla ya kuanza. Zamani mfungua njia alikuwa siri. Sasa mpinzani anawaona wote 6, kwa hiyo mshambuliaji hawezi kutegemea kushtukiza tu. Anategemea maswali: ukimzuia huyu, yule utamzuia na nini?

Toleo hilo hilo lilikuwa na mvua. Chura Politoed aliweza kuingia na kuleta mvua isiyokatika mpaka aje mwingine abadilishe hali ya hewa. Mvua huongeza mapigo ya maji kwa nusu, na baadhi ya viumbe vya maji hukimbia mara mbili ndani yake. Ilikuwa balaa. Mwaka 2013 sheria ikabadilika: mvua ya namna hiyo inadumu zamu 5, au 8 kama aliyeileta amebeba jiwe la unyevu. Mkulima yeyote wa West Nile anaweza kukufundisha sehemu hiyo. Mvua fupi haikungoji. Mbegu ziwe tayari, na jembe liwe tayari, kabla wingu halijafika. Timu nzuri ya mvua haipotezi hata zamu moja kati ya zile 5.

Kindi wa Washington

Mashindano ya dunia ya mchezo huu wa video kwa mfumo unaotumika mpaka sasa yalianza 2009 huko San Diego, Marekani. Hapo wanacheza wawili kwa wawili: unaandikisha 6, unachagua 4 kwa kila pambano, na wawili wako uwanjani kwa pamoja. Historia ninayowasimulia vijana kuliko zote ni ya Agosti 2014, Washington DC.

Sejun Park kutoka Korea Kusini alifika na timu yenye majina ya kutisha: Gyarados, Garchomp, Talonflame, Gardevoir, Gothitelle. Wa sita alikuwa Pachirisu, kindi mdogo mweupe wa umeme, mwenye sifa za chini, ambaye karibu hakuna mtu mwingine aliyefikiria kumleta. Watu walicheka. Park akawa bingwa wa dunia.

Kindi yule alifanya nini? Alikuwa na mbinu ya Follow Me, inayovuta mapigo ya wapinzani yamjie yeye badala ya mwenzake. Gyarados, kabla ya kubadilika umbo, umeme humuumiza mara 4. Pachirisu umeme haumuumizi kabisa. Kwa kipaji chake humrudishia uhai. Kwa hiyo pigo la umeme lililotumwa kwa Gyarados lilimfikia kindi, na kindi akapona. Park alimpa mafunzo ya kuvumilia, hakumpa ya kupiga, na akaweza kusimama mbele ya mapigo mazito ya majoka. Wakati huo Gyarados alikuwa huru kufanya kazi yake.

Ukihesabu walioumiza, Pachirisu hayuko juu ya orodha. Ukiuliza kwa nini mashambulizi yalipita, jina lake ni la kwanza. Kwenye makundi yetu kuna vijana wasiosema sana, hasa waliofika juzi na lugha bado inawasumbua. Hadithi hii wanaipenda wao zaidi.

Mchezo ulitufikiaje

Mashine za Nintendo ni ghali, na huku kwetu sizioni. Kilichofungua mlango ni Pokémon Showdown, programu ya bure iliyoanzishwa 2011 na Guangcong Luo, inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Picha ni ndogo na maneno ni mengi, kwa hiyo simu ya kawaida inaweza. Timu nzima ni maandishi: jina, kitu anachobeba, kipaji, pointi, mbinu 4.

Bando ndilo tatizo. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ya Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia WhatsApp, Facebook na mitandao kama hiyo. Kucheza hakukutozwa, lakini kupanga muda wa kucheza na mwenzako aliye zoni nyingine kulipita huko huko. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe, na hiyo inamgusa kila mtu. Ndiyo sababu kazi yetu kubwa hufanyika kwenye daftari. Kujenga timu hakuhitaji intaneti. Kuhesabu asilimia hakuhitaji intaneti. Mtu anafika kwenye simu akiwa ameshafikiri, na bando dogo linatosha kujaribu.

Jinsi tunavyojenga

Toleo la tisa, la Novemba 2022, limeongeza uwezo wa Pokémon mmoja kubadilisha aina yake mara moja katika pambano. Lakini mifupa ya timu haijabadilika sana tangu 2006. Tunafundisha hivi.

Anza na mmaliziaji, yule unayetaka awe uwanjani mwishoni. Uliza nani anaweza kumzuia; andika majina yao, hata kama ni marefu. Tafuta wa pili anayezuiwa na hao hao, ili mmoja awachoshe na mwingine apite. Wawili wakigonga mlango mmoja, mlango unalegea. Weka mfungua njia. Weka mmoja mwenye Choice Scarf, skafu inayoongeza kasi kwa nusu na kumfunga kwenye mbinu moja, kwa ajili ya siku mpinzani akikutangulia. Nafasi ya sita iache wazi mpaka umecheza mapambano kadhaa na kujua ni nini kinakushinda. Mwisho pitia aina: kama watatu wanaogopa kitu kimoja, rudi mwanzo.

Kila kijana anaulizwa na wenzake swali moja kwa kila jina: huyu yuko hapa kwa ajili ya nani? Jibu likiwa "ana nguvu tu," wanamwambia atafute mwingine.

Kwa hiyo mzazi, nakubali: ni mchezo wa kushambulia, na sitaubadilisha jina ili upite vizuri kwenye ripoti. Njoo Jumamosi ukae nyuma yao nusu saa. Usiangalie kioo, angalia daftari, umwulize mwanao swali lile lile wanaloulizana wao. Utasikia kijana wa Yei akimweleza kijana wa Ituri, kwa Kiswahili cha kuokoteza, kwa nini kindi anatakiwa kukaa mbele ya samaki. Ukishamsikia, tuendelee kubishana.